Mbao Zilizosubiri Mashua za Mfalme

Nchi ya Tunu haimo katika ramani yoyote niliyopata kuiona, na namna nilivyofika huko haina faida kwa msomaji. Inatosha kusema kwamba jina langu ni Makungu, kwamba kazi yangu ni ufundi wa cherehani, na kwamba Watunu walikuwa na cherehani sita mbovu na hawakuwa na fundi. Nilikaa kwao miezi mitano. Niliyoyaona nayaandika kama nilivyoyaona, na pale nilipoambiwa tu nitasema kwamba niliambiwa.

Jambo la kwanza nililojifunza huko nilijifunza kwa kukosea. Siku ya pili, sokoni, nilimwona mtu mzima amejiegemeza ukutani na kikapu kitupu. Nilikuwa na vipande viwili vya muhogo wa kuchoma, nikamnyooshea kimoja. Akaificha mikono yake nyuma ya mgongo na kutazama huku na huku. Askari alifika, akauchukua ule muhogo kwa adabu, akaufunga katika kitambaa.

"Mgeni, hapa mtu hampi mtu," aliniambia. "Ukiwa na kitu cha kutoa, ipo Nyumba."

Nyumba aliyoisema ni Nyumba ya Wakfu, jengo kubwa kuliko yote nchini, na kwa bahati ndiko zilikokuwa zile cherehani. Zilitumika kushona majoho wanayovishwa watoaji siku ya kupokewa zawadi zao. Nikapewa chumba kilichopakana na ukumbi wa baraza, na kwa sababu ya joto mlango wa kati haukufungwa hata siku moja. Kwa hiyo nilisikia mengi ambayo sikukusudiwa kuyasikia.

Aliyenieleza mambo ya Nyumba alikuwa mtunza ghala wake, mwanamke wa makamo aitwaye Zuhwa, mwenye funguo kiunoni na maneno machache. Aliniambia kwamba zamani, mwaka wa ukame, tajiri mmoja aliwapa watu mahindi mlangoni kwake. Kila aliyepokea alitakiwa kumtaja jina kwa sifa mara tatu, na kurudi wakati wa palizi kumlimia. Mahindi yaliliwa kwa mwezi mmoja. Wajukuu wa waliokula walikuwa bado wanapalilia shamba la wajukuu wa aliyetoa. Ndipo wazee wa nchi wakaiweka Nyumba katikati. Anayetoa huileta zawadi pale, Nyumba humpelekea mhitaji, na mhitaji hajui amwinamie nani.

Niliona ni sheria nzuri, na hata leo naona hivyo. Tena Nyumba ilikuwa na busara ya pili. Zawadi zilizoletwa hazikuliwa zote. Ukitoa mbuzi, waligawa watoto wa mbuzi. Ukitoa shamba, waligawa mavuno. Nilionyeshwa mashamba ya watu waliokufa miaka mia iliyopita ambayo bado yanalisha watu. Sijaona jambo kama hilo kwetu, ambako shamba la marehemu huwa vita kabla matanga hayajaisha.

Ugumu ulikuwa katika vibao.

Kila mtoaji alikuwa na haki ya kusema zawadi yake imfae nani, na maneno yake yalichongwa katika kibao cha mti na kutundikwa ukumbini. Neno la kibao halibadiliki milele. Zuhwa alinipitisha tukasoma. Kimoja kilisema: "Blanketi kwa mapacha waliozaliwa wakati wa mavuno." Kingine: "Viatu kwa wapiga ngoma wa mlima wa kaskazini." Kingine kilisema mtama wa shamba fulani walishwe kasuku wa mfalme. Nikauliza kasuku wako wapi. Wa mwisho alikufa kabla Zuhwa hajazaliwa, na mfalme wa mwisho alikufa kabla ya kasuku. Mtama bado ulimwagwa dirishani kila asubuhi, na panya wa Nyumba walikuwa wanene.

Watoaji walipokewa katika chumba chenye zulia na kahawa, na maofisa saba waitwao Wasikilizaji walikaa nao hata siku tatu, mpaka maneno ya kibao yatoke sawasawa. Wahitaji walikuwa na dirisha dogo upande wa nyuma. Karani wa dirishani aliuliza swali moja tu: "Kibao kipi?" Asiye na kibao alirudi kwao.

Kutokana na swali hilo ilizaliwa kazi ambayo sikuwahi kuiona mahali pengine. Kando ya ukuta wa nyuma walikaa watu waitwao walinganishi. Unamweleza mmoja wao shida yako, naye anakutafutia kibao, kisha anakufundisha namna ya kufanana nacho. Niliwaona wanawake wawili wasio na udugu wowote, mmoja mrefu na mmoja mfupi, wakijifunza kucheka kwa pamoja ili wawe mapacha. Nilimwona mjane mmoja wa kiume akifanya mazoezi ya ngoma kwa sababu miguu yake ilikuwa na nyufa. Hakuna aliyeona ajabu. Mlinganishi mmoja, Bwana Dodi, aliniambia kwa unyenyekevu kwamba yeye ameifaidi nchi kuliko mvua.

Kwa Bwana Dodi ndipo nilipomwona Bi Siwatu kwa mara ya kwanza. Alikuwa mama wa miaka hamsini hivi, mikono mikubwa, miguu yenye vumbi la siku mbili. Nilikuwa nimekaa karibu nikinywa kahawa.

"Shida yako nini, mama?" aliuliza Dodi.

"Daraja. Letu lilichukuliwa na mto Shiwe masika yaliyopita."

"Daraja halina kibao. Una mapacha?"

"Sina."

"Kwenu wapo wapiga ngoma?"

"Wapo. Ngoma haivushi mtu."

Dodi alifikiri. "Unahitaji mbao kiasi gani?"

"Mia na ishirini, ndefu."

"Basi sema ni mashua," alisema Dodi. "Kuna kibao cha mbao za mashua za mfalme. Wewe unataka mashua ndefu, nyembamba, iliyofungwa huku na huku. Haiendi popote, lakini sheria gani inasema mashua lazima iende?"

Bi Siwatu alimtazama kama anavyotazamwa mgonjwa. Hakucheka. Alisema, "Andika unavyojua. Mimi nahitaji mbao kabla ya mvua."

Ombi hilo liliwachukua Wasikilizaji siku mbili. Nililisikia lote nikiwa nyuma ya cherehani. Msikilizaji mmoja alisema mashua iliyofungwa bandarini haiachi kuwa mashua, kwa hiyo kwenda si sharti. Wa pili alisema daraja halina nahodha. Wa tatu, kijana kuliko wote na aliyesifiwa sana kwa akili, alisema kwamba maji yakipita chini ya kitu, ni sawasawa na kitu hicho kupita juu ya maji, na kwamba tofauti iko machoni pa aliyesimama ufukoni. Wakaomba kahawa. Jioni ya siku ya pili walipiga kura, wanne kwa watatu, kwamba daraja ni mashua, ila mwombaji aje aape hivyo kwa kinywa chake.

Bi Siwatu aliingizwa ukumbini. Mkuu wa Wasikilizaji, Bwana Shaali, alimsomea kiapo. Alikuwa mtu mwembamba, macho hayaoni vizuri, ambaye kwa miaka ishirini na miwili ya kazi hakuwahi kuchelewa wala kutoka nje ya mji.

"Siwezi kuapa hivyo," alisema Bi Siwatu.

"Ombi lako linasema ni mashua."

"Ombi aliandika Bwana Dodi. Mimi ni mkunga, Msikilizaji. Mtoto akikaa vibaya tumboni, nasema amekaa vibaya, ndipo tunajua la kufanya. Nikizoea kusema uongo nikiwa nimesimama, nitausema na nikiwa nimepiga magoti mbele ya mzazi."

Bwana Shaali alimwuliza, bila ukali, kama anaelewa anachokipoteza. Ndipo Bi Siwatu akawasimulia, naye hakupandisha sauti.

Nyumba yake iko ng'ambo ya Shiwe, kijiji kiko upande huu. Masika yaliyopita daraja lilipokwenda, binti yake mwenyewe, Mashavu, alishikwa na uchungu kijijini. Siwatu alisimama ukingoni, maji katikati, akawaelekeza majirani kwa kupiga kelele: mgeuzeni ubavu, msimvute, ngojeni. Wao walipokezana maneno kutoka ukingoni hadi chumbani. Kwa saa tatu mambo yalikwenda. Kisha upepo ukaanza kuvuma kutoka upande wa kijiji, na maneno yake yakawa yanarudi kwake.

"Nilisema wamkate mtoto kitovu kilichomzunguka shingoni," alisema. "Wao walisikia nasema wangoje. Wakangoja."

Mashavu alipona. Mtoto hakupona. "Sasa ana mimba tena, na wenzake sita pia. Hao wote watazaa masika, mto ukiwa umejaa."

Nilidhani baada ya maneno hayo mbao zitatolewa saa ile. Bwana Shaali aliinamisha kichwa. Aliposema, alisema kwa shida.

"Bi Siwatu, usidhani hatuna huruma."

"Sijasema hivyo, Msikilizaji."

"Mama yangu alitoa shamba la pamba. Kibao chake kilisema wakoma wa bonde wapate nguo kila mwaka, kwa sababu ndugu yake alikuwa mmoja wao. Mama alipokufa, Mkuu wa Wasikilizaji wa wakati ule alisema wakoma wamepungua, nguo zingefaa zaidi kwingine. Alikuwa na sababu nzuri. Akakiteremsha kibao, akabadilisha neno moja. Mwaka uliofuata akabadilisha jingine. Mwishowe nguo zilikuwa za jamaa zake. Mimi, kabla sijashika kazi hii, nilikwenda bondeni nikawaona wakoma wamevaa magunia wakati wa baridi, nao wakaniuliza mama yangu aliwakasirikia kwa lipi." Alifuta macho yake mabovu. "Marehemu hana mdomo. Mdomo wake ni kile kibao. Nikikigeuza leo kwa ajili yako, kesho akija mwenye nia mbaya nitamzuia kwa neno gani?"

Kwa siku mbili nilikuwa nacheka peke yangu nyuma ya mashine. Hapo niliacha.

Bi Siwatu akasema, "Ningekuwa wewe, nami nisingekigeuza." Akajifunga kanga yake vizuri, akageuka aende.

Zuhwa alikuwa amesimama mlangoni na funguo, akingoja baraza liishe afunge. Watunza ghala hawana sauti barazani, ila jambo la ghala linaweza kuletwa wakati wowote. Aliomba nafasi.

"Nina jambo la ghala," alisema. "Si la daraja."

Akaruhusiwa.

"Kibao cha mbao za mfalme kinasema miti ikatwe kila mwaka, mbao zisubiri mashua, na zihifadhiwe 'mahali penye hewa, zisiguse udongo.' Ziwa la mfalme limekauka, lakini miti tunakata. Uwanja umejaa. Mbao zimelala juu ya udongo, mchwa wanazila kutoka chini. Nimeandika barua mara tisa. Anayevunja neno la marehemu kwa sasa ni sisi."

"Unataka ghala jipya," alisema Bwana Shaali.

"Ndiyo. Mahali penye hewa chini na juu, pasipo mchwa. Zipangwe moja baada ya moja, zifungwe kwa kamba nene, zisichukuliwe na maji." Akazishika funguo zake. "Nimesikia kuna mto."

Hakuna aliyecheka. Yule Msikilizaji kijana aliuliza itakuwaje watu wakizikanyaga. Zuhwa akajibu kwamba kibao hakikukataza zikanyagwe, na kwamba kwa sasa zinakanyagwa na panya.

Bwana Shaali aliagiza kibao kiteremshwe, akakisogeza karibu kabisa na uso wake, akakisoma mara mbili. Kisha akamwita Bi Siwatu.

"Ukikabidhiwa mbao hizi uzitunze, utakubali kwamba ni mbao za mashua za mfalme?"

"Ndivyo zilivyo."

"Na mfalme akizihitaji, utazirudisha?"

"Akija kuzidai," alisema Bi Siwatu, "nitamvusha kwanza, halafu nitamrudishia."

Safari hii hapakuwa na kura. Mbao mia na ishirini zilitoka uwanjani kesho yake kwa mikokoteni, na Zuhwa mwenyewe alizichagua, akiacha zile zilizokwisha kuliwa.

Kuna sheria ya Nyumba ambayo hakuna aliyeikumbuka siku ile: kila ghala la Nyumba lazima likaguliwe na Mkuu kwa macho yake kila msimu. Maghala yote yalikuwa mjini, kwa hiyo sheria haikumsumbua mtu. Sasa kulikuwa na ghala mto Shiwe, mwendo wa siku mbili. Baadhi ya Wasikilizaji walishauri apelekwe karani. Bwana Shaali aliuliza kama karani ana macho yake yeye, akatafuta fimbo.

Nilikuwa nimemaliza cherehani zangu, na njia yangu ya kutoka Tunu ilipita huko. Tukaenda pamoja. Njiani aliniuliza mambo ambayo hata mtoto wa shamba hana haja ya kuyauliza: kwa nini watu huweka majivu kwenye mahindi, kwa nini kijiji hiki kina mbwa wengi na kile hakina, maji ya kunywa yanatoka wapi. Kila jibu alilirudia polepole. Niliona kwamba alikuwa msikilizaji hodari kweli. Ni vile tu kwamba kwa miaka ishirini na miwili aliletewa watu wa aina moja wa kuwasikiliza.

Mvua ilitutangulia kwa siku mbili. Tulipofika, Shiwe ilikuwa nyekundu, imejaa, inavuta magogo. Juu yake zilipangwa zile mbao, zimefungwa kwa kamba za katani, zikitikisika kidogo. Bwana Shaali alivua viatu. Aliingia akishika kamba kwa mikono miwili, akihesabu hatua kwa sauti, nami nyuma yake.

Tulikuwa katikati tuliposikia mtu anakuja mbio kutoka ng'ambo. Alikuwa Bi Siwatu, mikono ya nguo imekunjwa, mfuko wake begani. Katika Tunu hakuna mtu anayempita Mkuu wa Wasikilizaji njiani. Watu husimama mpaka apite.

"Nipishe, Msikilizaji," alisema. "Ni Mashavu."

Bwana Shaali alijibana kwenye kamba mpaka nikaogopa ataanguka. Mkunga akapita. Mbao zikapiga mawimbi chini ya miguu yake, kisha zikatulia. Tukageuka, tukamfuata kijijini polepole.

Tulikaa nje ya ile nyumba pamoja na majirani, juu ya magogo. Hakuna aliyemjua Bwana Shaali, na hakuna aliyemuuliza. Kutoka ndani tulimsikia Bi Siwatu akisema maneno yaleyale aliyotueleza barazani, mgeuzeni ubavu, msimvute, lakini sasa aliyasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayezungumza na aliye karibu naye. Jirani mmoja aliyarudia maneno hayo kwa midomo, bila sauti. Nadhani alikuwa mmoja wa waliongoja mara ile. Mchana ulipita. Mtoto alipolia, watu hawakupiga vigelegele mara moja. Walisubiri alie mara ya pili.

Alikuwa wa kike. Bi Siwatu alitoka baada ya muda, amechoka, akifuta mikono yake kwa kitambaa. Alimkuta Bwana Shaali amesimama.

"Umekuja kukagua," alisema.

"Nimekagua. Mbao ni nzima."

"Basi nina neno. Wanakijiji wamekaa, wamekubaliana. Tunacho kipande cha ardhi huko ukingoni, muwa unaota vizuri. Tunataka kukitoa kwa Nyumba."

Bwana Shaali alishangaa. Alinong'ona kwangu kwamba kijiji cha namna hii hakijawahi kutoa. Vibao vyote ni vya watu wa mjini. Kisha akatoa karatasi na kalamu kama alivyozoea, akakaa tena juu ya gogo, akainamia karatasi.

"Kibao kisemeje?"

"Kisiseme kitu."

"Lazima kiseme, Bi Siwatu. Miaka mia ijayo tutajuaje mlitaka zawadi yenu imfae nani?"

"Miaka mia ijayo mto huu pengine umekauka, kama lile ziwa lenu. Mwenye shida siku hiyo atakuwepo siku hiyo. Mtakaokuwepo mwende mkamwulize."

"Huo ni mzigo mzito kuuwekea Nyumba."

"Ni mzito," alikubali. "Ndiyo maana hatukumpa mtu mmoja."

Aliitwa ndani, akaenda. Bwana Shaali aliandika jina la kijiji na aina ya zawadi. Pale pa maneno ya mtoaji aliiweka kalamu juu ya karatasi, akaiinua, akaiweka tena. Mwishowe aliikunja karatasi ilivyo. Kisha akamgeukia yule jirani aliyekuwa akiyarudia maneno, akamuuliza ni nani wanaokaa juu zaidi ya mto, na wao wanavukaje.

Jirani alisema hajui vizuri. Ni mwendo wa nusu siku, njia ina matope.

Mimi nilivuka kwenda zangu. Nilipotazama nyuma kutoka ng'ambo, nilimwona Bwana Shaali akipanda njia ya juu ya mto, viatu mkononi, akisimama kila hatua chache kuuliza watu jambo fulani, na kuinamisha kichwa kusikia.